Dada Anafokewa, Kaka Anapewa Nauli: Maneno Machache Kuhusu Mavazi ya Matamasha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama ba'ad.

Ndugu wazazi, likizo ndefu imeingia. Shule zimefungwa na hazitafunguliwa mpaka Septemba. Mabango ya matamasha yamejaa kutoka Remera mpaka Nyamirambo, na kila jioni vijana wanaulizana mambo mawili: tutavaa nini, na tutakula wapi kwa bei nafuu kabla ya kuingia. Maswali haya yanaulizwa pia ndani ya nyumba zetu, hata kama sisi wazazi hatuyasikii. Tena hatuyasikii kwa sababu watoto wamekwishajua jibu letu. Binti akiuliza, anafokewa. Mvulana hata haulizi, anapewa nauli ya moto na kuambiwa asichelewe.

Nimeona niandike kwa sababu ya jambo lililonitokea mwenyewe. Sitamtaja mtoto, wala wazazi wake, wala mtaa wao.

Jumamosi moja baada ya swala ya Magharibi nilikuwa Biryogo, kwenye ile barabara iliyofungwa magari tangu mwaka 2021, nimekaa na wageni wangu wawili tunakunywa chai. Akapita binti ninayemsomesha, mwenye umri wa miaka 17. Amevaa baibui, ameshika mkoba mkubwa. Aliingia ndani kwenye mgahawa, akakaa chooni muda mrefu. Alipotoka, baibui lilikuwa limeingia mkobani, na alichobaki nacho mwilini ni nguo ambayo mama yake hajawahi kuiona. Kaka yake, ambaye naye ni mwanafunzi wangu, alikuwa meza ya pili na marafiki zake anamsubiri. Yeye hakuwa na haja ya kubadilisha. Alitoka nyumbani mchana kweupe, mbele ya baba yake, na kaptula iliyoishia juu ya magoti na mkufu wa dhahabu shingoni.

Binti akainua macho, tukaonana. Mimi nikainamia kikombe changu. Nilidhani namsitiri.

Jumamosi iliyofuata kaka alikuja darasani kama kawaida, akanipa salamu, akafungua msahafu. Dada hakuja. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, mama amesema anaumwa." Leo ni Jumamosi ya nne. Walikwenda tamasha moja, usiku mmoja, kwa moto mbili zilizofuatana. Mmoja bado anasoma Qur'ani, mwingine anaona haya kuingia mlango wa madrasa. Ndugu zangu, hilo ndilo limenikosesha usingizi. Nguo yenyewe haikunisumbua kiasi hicho.

Kwa hiyo leo sitaki kuwasema mabinti. Wamesemwa vya kutosha, misikitini, harusini na vibarazani. Leo nataka tujiseme sisi, akina baba, akina kaka, na sisi walimu.

1. Amri ya kwanza ni ya nani?

Nisije nikaeleweka vibaya. Hukumu ya stara ni wajibu, na siwezi kuipunguza ili nipendwe na vijana. Mwanamke wa Kiislamu aliyebaleghe anatakiwa kuufunika mwili wake, na nguo isibane wala isiangaze. Katika Sahih Muslim imepokewa kauli ya Mtume (S.A.W.) akionya juu ya wanawake waliovaa ilhali wako uchi. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Nimeisikia katika khutba mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuzihesabu.

Lakini fungueni Suratun-Nur. Watu wanakimbilia Aya ya 31, inayowaamrisha waumini wanawake kuinamisha macho yao, kuhifadhi tupu zao na kuteremsha shungi zao vifuani. Mbona wanairuka Aya ya 30? Katika Aya hiyo Mwenyezi Mungu anaanza na wanaume. Anamwamrisha Mtume wake awaambie waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Amri ya kwanza ni yetu. Sisi tumeifanya kuwa ya pili, kisha tukaisahau kabisa.

Tazameni Mtume (S.A.W.) alivyofanya. Katika Hija ya kuaga alikuwa amempakia nyuma yake kijana Al-Fadhl bin Abbas. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza juu ya kumhijia baba yake aliyezeeka. Al-Fadhl akawa anamtazama, naye anamtazama. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliugeuza uso wa Al-Fadhl upande mwingine. Aliligeuza shingo la kijana wa kiume, ndugu yake wa damu, mbele ya watu. Kisha mwanamke akajibiwa swali lake akaenda zake.

Je, sisi tumewahi kugeuza shingo la nani? Nendeni Biryogo saa moja usiku mkatazame. Meza zote za mbele zimekaliwa na wanaume, viti vimeelekezwa barabarani, na kila anayepita anapimwa kutoka kichwani hadi miguuni. Wengine wana tasbihi mkononi. Halafu hao hao ndio wanaosema mabinti wa siku hizi wameharibika.

Na vazi la mwanamume je? Wanavyuoni wengi wamesema uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Dhahabu na hariri safi ni haramu kwa wanaume wa umma huu, na hadithi zake ziko wazi. Basi yule kijana mwenye kaptula fupi na mkufu wa dhahabu ametoka nyumbani na makosa mawili, na baba yake amemwambia, "Umependeza, mwanangu." Mtoto wa kike aliyekuwa jikoni akiosha vyombo amelisikia neno hilo. Hakuhitaji mwalimu wa kumfasiria. Amejifunza kwamba dini ni ya wasichana, na kwamba njia ya kuwa huru ni mkoba mkubwa na choo cha mgahawa.

2. Vazi na chakula viko katika Aya moja

Katika Suratul-A'raf Mwenyezi Mungu ameyataja mambo haya mara mbili. Aya ya 26 inatukumbusha kwamba ametuteremshia nguo za kutusitiri na za kutupamba, kisha inataja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora. Aya ya 31 inawaamrisha wanadamu kuchukua mapambo yao wanapokwenda kuswali, wale na wanywe, wala wasifanye israfu, kwani Yeye hawapendi wenye israfu.

Angalieni mpangilio huo. Mapambo hayakukatazwa, bali yameamrishwa. Chakula hakikukatazwa, bali kimeamrishwa. Kilichokatazwa ni kuvuka mpaka. Kijana anayetaka kupendeza na kutoka na wenzake kula brosheti hajafanya dhambi. Ametaka jambo ambalo Mola wake ameliumba moyoni mwake. Kazi ya mzazi ni kumwonyesha mpaka uko wapi. Tukimwambia kila kitu ni haramu, hatauona mpaka wa kweli atakapoufikia.

Israfu nayo tuitazame vizuri, maana haimo kwenye nguo fupi peke yake. Nawafahamu akina mama waliochukua pesa za kimina, pesa za ada ya shule, wakanunua abaya kutoka Dubai yenye vito vinavyometameta kwa ajili ya usiku mmoja wa Iddi. Imefunika mwili wote, ndiyo. Lakini katika Abu Dawud imepokewa kutoka kwa Ibn Umar onyo kali juu ya mtu anayevaa vazi la kutafutia umaarufu. Hadithi hiyo haikusema vazi fupi wala refu. Imesema umaarufu. Mwenye kuvaa ili atazamwe ametafuta kutazamwa, hata kama kitambaa kimefika chini ya visigino.

Vijana nao wameambukizwa ugonjwa huo huo. Kila tamasha linataka nguo mpya, kwa sababu ile ya tamasha lililopita imekwishaonekana kwenye picha. Kijana asiye na kazi anakopa faranga za nguo, anakopa za tiketi, kisha anashinda na njaa ili apendeze. Hii ndiyo anasa gani?

3. Jela si mwalimu wa stara

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya ndugu zangu hawatanipenda.

Tarehe 30 Julai 2022 mwimbaji wa Ufaransa, Tayc, alifanya tamasha katika BK Arena hapa Kigali. Msichana mmoja wa miaka 24 alihudhuria akiwa amevaa gauni la kuangaza, na picha zake zikaenea. Mnamo tarehe 7 Agosti akakamatwa kwa tuhuma za kufanya mambo ya aibu hadharani, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 2 gerezani. Waendesha mashtaka waliomba azuiliwe siku 30. Baadaye mahakama ikamwachia kwa dhamana. Nchi nzima ilibishana: wengine walisema maadili yanalindwa, wengine wakasema mwanamke hafungwi kwa sababu ya nguo.

Mimi nawauliza Waislamu wenzangu: kwa nini wengi wetu tulishangilia? Nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema, "Alhamdulillah, serikali imetusaidia." Imetusaidia nini? Ni binti gani wa Nyamirambo aliyevaa hijabu kwa ikhlasi kwa sababu mwenzake alilala mahabusu? Na wale maelfu waliozisambaza picha zake, wakazikuza kwa vidole na kuwatumia rafiki zao, wao walikamatwa na nani? Anayeeneza aibu ya mtu ana dhambi yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Wengi wa waliozieneza walikuwa wanaume, na miongoni mwao walikuwamo wanaoswali safu ya kwanza.

Tusidhani sisi ndio wa kwanza kujaribu njia hii katika Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na utekelezaji ukaanza Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika, wanawake walishambuliwa na makundi ya vijana wa kiume mitaani. Uganda ilipitisha sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014, na watu wakaielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi. Mara wanaume wakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani mjini Kampala. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikabatilisha vifungu vyake muhimu. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha magari kwa madai kwamba amevaa vibaya, na wanawake wakaandamana kupinga.

Fikirini jambo hilo kwa akili za dini. Mwanamke ana kosa la kuonyesha magoti. Anakuja mwanamume, kwa jina la maadili, anamwacha uchi wa mnyama mbele ya soko zima. Ni nani aliyefichua uchi zaidi? Ni nani aliyemgusa mwanamke asiye halali yake? Yule aliyedai analinda stara ndiye aliyeivunja kabisa.

Sisi Waislamu wa Rwanda ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kushangilia mtu anapohukumiwa kwa vazi lake. Wazee wetu walijua maana yake. Enzi za Wabelgiji Waislamu walitengewa mitaa yao, makambi ya Waswahili, na kutoka humo kulihitaji kibali. Walitambuliwa kwa kanzu na kofia zao. Neno Umuswahili likawa tusi, maana yake mtu mjanjamjanja asiyeaminika. Walioitwa hivyo ndio waliokuwa wakiswali katika msikiti wa Al-Fatah, ambao historia yake inarudi mwaka 1913. Walitazamwa nguo, wakahukumiwa tabia. Leo wajukuu wao wamekaa vibarazani wanafanya hivyo hivyo kwa watoto wa watu.

4. "Mwalimu, unafungua mlango wa fitna"

Najua nitaambiwa hivyo. Nitaambiwa pia kwamba baba asiye na ghera juu ya ahali zake ni dayyuthi. Ni kweli, ghera ni katika imani. Lakini ghera ya nani, na juu ya nani? Kama una ghera juu ya binti yako, mbona huna ghera juu ya dini ya mwanao wa kiume? Uchafu unaomwogopea binti yako unaletwa na nani, kama si watoto wa kiume wa nyumba kama yako?

Tangu tarehe 1 Septemba 2023 serikali iliweka mwisho wa shughuli za starehe kuwa saa 7 usiku siku za kazi na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Haya, baba mwenye ghera, saa 8 usiku mwanao wa kiume yuko wapi? Yuko na nani? Amekunywa nini? Binti akichelewa baada ya Isha nyumba nzima haikaliki. Mvulana akirudi alfajiri akinuka pombe, mama anamfungulia mlango kimya kimya ili baba asiamke.

Kuhusu muziki wenyewe, msimamo wangu ni huu. Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na walio wengi wamekataza ala. Kwa hiyo sitawapeleka wanangu kwenye tamasha la usiku lenye pombe na mchanganyiko wa kubanana, awe wa kiume au wa kike. Sheria ya nyumba yangu ni moja kwa wote. Lakini pia najua kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha vijakazi wapige dufu nyumbani kwake siku ya Iddi, na Abubakar (R.A.) alipowakemea, akamwambia awaache kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Alimsimamia Bibi Aisha (R.A.) akitazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, mpaka alipotosheka mwenyewe. Nyumba ya Mtume haikuwa nyumba isiyo na furaha. Nyumba zetu je?

Na yule kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akaomba ruhusa ya kuzini, kama ilivyopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad? Watu walimkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kijana alikuja na ombi kubwa kuliko tamasha lolote, na hakufukuzwa. Mimi binti amekuja na kosa dogo kuliko hilo, nikainamia kikombe cha chai. Nikasema namsitiri, kumbe namkimbia.

5. Basi wavae nini?

Kwanza, tuache kudanganywa na jina la Kizungu. Vijana wanauita msimu huu "summer" na wanavaa kama wanaowaona kwenye picha za Ulaya, ambako Julai jua linachelewa kuzama na joto linakaa mpaka usiku. Kigali iko juu zaidi ya mita 1,500. Huku Julai ni impeshyi: kiangazi, vumbi jekundu mchana, na baridi ya kutosha usiku. Saa 4 usiku wale waliovaa mikono mitupu wanatetemeka wakitafuta moto. Hata asiye na dini, akitumia akili tu, atabeba koti.

Kwa hiyo iwe ni Umuganura, mashindano ya michezo, harusi, au swala ya Iddi katika uwanja wa Kigali Pelé kisha matembezi ya jioni, ushauri wangu ni huu:

Kwa mabinti: kitenge cha heshima kilichoshonwa kwa nafasi ni pambo letu wenyewe. Mafundi wa Kimironko na Nyamirambo wanashona vizuri sana, wapewe kipimo kisichobana. Chini ya gauni pawe na suruali pana, hasa mkipanda moto, kwa sababu upepo hauna dini. Baibui refu mlikusanye na kulikalia kabla motari hajaondoka, maana kitambaa kikinaswa na gurudumu kinaua. Shungi liwe jepesi la pamba, libanwe vizuri liweze kuvaliwa na kofia ya moto. Rangi hazikuharamishwa. Anayemlazimisha binti wa miaka 15 kuvaa nyeusi tupu mwaka mzima, kisha akashangaa kwamba anaichukia, ajilaumu mwenyewe.

Kwa wavulana: suruali ifunike magoti mnapoinama na mnapokaa, si mnaposimama mbele ya kioo tu. Mkufu wa dhahabu mpeni mama. Fulana zenye picha na maneno msiyoyaelewa msizivae, someni kwanza. Na macho yenu nayo yavalisheni stara yake.

Kwa wazazi: nunueni pamoja nao. Nguo za mtumba, caguwa kama tunavyoziita hapa, zimepanda bei tangu serikali ilipoongeza ushuru mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, lakini bado fundi wa mtaani anaweza kukushonea nguo ya kuvaliwa miaka mitatu kwa bei iliyo chini ya nguo ya usiku mmoja. Mama akimpeleka binti kwa fundi na kumwacha achague rangi na mshono ndani ya mpaka, binti hatahitaji mkoba mkubwa.

6. Na wakale wapi?

Hapa napo tuna lawama. Vijana wanataka kula kwa bei nafuu pamoja na wenzao. Wasipopata mahali kwetu, watakwenda baa, kwa sababu baa zina brosheti. Wengi hawajui kwamba wavu unaochoma brosheti ya mbuzi ndio huo huo uliochoma akabenzi, yaani nguruwe, dakika tano zilizopita, kwa mafuta yale yale na koleo lile lile. Wafundisheni kuuliza. Kuuliza si ushamba.

Alhamdulillah, Kigali tuna Biryogo. Kuna chapati na maharage, kuna sambusa, kuna melanji ya mchana yenye wali, ndizi, isombe na kipande cha nyama, kuna chai ya maziwa na tangawizi. Mtu mwenye kipato kidogo anashiba. Wageni kutoka Ulaya wanakuja kupiga picha ile barabara iliyopakwa rangi. Lakini je, ni familia ngapi za Kiislamu zinazokaa pale, baba, mama na watoto, meza moja? Baba yupo, kila siku, lakini yupo na wanaume wenzake. Mke na mabinti wako nyumbani. Binti anaijua Biryogo kama mahali pa kubadilishia nguo tu, kwa sababu hajawahi kupelekwa pale na babake kula sambusa.

Wenye migahawa nao niwaambie: wekeni meza za familia, na wekeni mahali safi pa wanawake kuswali Magharibi na Isha. Anayewafukuza wateja wanaosumbua mabinti kwa macho na maneno hatapungukiwa na riziki. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu.

Wazazi wenzangu, fanyeni hesabu. Pesa za tiketi moja na nguo moja ya tamasha zinatosha kuilisha familia nzima Biryogo, na kubaki. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa au Jumamosi jioni, waiteni watoto wote, wavae vizuri, mkae nao, mcheke nao. Binti aulizwe anasoma nini. Mvulana aambiwe ainamishe macho, tena aambiwe na babake pale pale mezani, dada yake akisikia. Darasa hilo litamfaa kuliko khutba kumi.

Mwisho

Niliyoyaandika yameanza na mimi. Sheria ya darasa langu tangu wiki hii ni hii: anayewakemea wasichana juu ya vazi atawakemea wavulana kwanza, kwa mpangilio wa Suratun-Nur. Yule kaka wa binti nimekwisha kaa naye faragha, bila kumfokea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mbona hujawahi kuniambia?" Sikuwa na jibu. Mkufu ameuvua.

Leo baada ya Alasiri nitakwenda na mke wangu nyumbani kwao kuwatembelea wazazi. Sitamshtaki mtoto. Nitasema tu kwamba nafasi yake darasani ipo, juzuu yake iko pale alipoiacha, na kwamba mwalimu wake ana deni la kumwomba radhi.

Na wewe binti, kama utausoma ukurasa huu kwenye simu ya mama: siku ile sikuinamisha macho kwa kukudharau. Niliona haya kwa niaba yetu sote. Rudi, mwanangu. Mlango hauna kufuli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape watoto wetu wa kike na wa kiume vazi la uchamungu, atupe sisi wazazi insafu na hekima, na atusitiri duniani na Akhera. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.